Maswali ya kamera: yenye kioo, isiyo na kioo, ya zumu refu ama simu tu?

Salaam kwa wasomaji wote. Tangu tuseme tutajibu mambo ya kamera meseji hazikatiki, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: kamera ziko aina gani na mimi ninunue ipi. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwengine, majina nimeyaacha. Kabla hujasoma shika hili kichwani. Aina ya kamera haiko kwa jina lililoandikwa mbele, iko kwa mambo matatu: sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwangaza) ni kubwa kiasi gani, lenzi inatoka ama haitoki, na unachungulia kupitia kioo ama skrini. Ukiyajua hayo matatu muuzaji hakuzungushi.

Mimi napiga picha wageni kule Pirates, wikendi niko Fort Jesus. Kamera yangu ni Canon 1300D na ile lenzi iliyokuja nayo. Wenzangu wananiambia DSLR zimekufa, niuze haraka kabla haijakosa bei ninunue mirolesi. Niuze? – Kijana wa ufuoni, Bamburi

Kaka, usiuze kwa kutishwa.

Tuanze na hicho kioo chenyewe maana watu wanakitaja bila kujua kinafanya nini. Ndani ya DSLR, nyuma tu ya lenzi, kuna kioo kimekaa mshazari. Mwangaza unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda juu, unapindwa tena mpaka kwa jicho lako, kwa hivo unachokiona mule kwenye kitundu ni mwangaza wenyewe wa mbele yako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata (pazia lililo mbele ya sensa) inafunguka, sensa inapata mwangaza, kioo kinarudi chini. Ile "tak" unayoiskia ndio hayo yote yakifanyika. Sasa mirolesi hicho kioo hakiko kabisa, sensa inaona muda wote na inakutumia picha kwa skrini ya nyuma ama kwa skrini ndogo iliyo ndani ya kitundu. Ndio tofauti yenyewe, mengine yote yanatokana na hapo.

Faida ya kwanza kwa mtu wa ufuoni kama wewe ni kubwa. Saa saba mchana mchanga unang'aa, mgeni kasimama jua liko nyuma yake, uso mweusi tititi. Kwa DSLR unapiga, unaangalia, unarekebisha, unapiga tena, na mgeni keshachoka kutabasamu. Mirolesi inakuonyesha kabla ya kupiga kwamba uso umezama, unazungusha kidude cha mwangaza mpaka uso utoke, halafu ndio unabonyeza. Faida ya pili, zile mpya zinashika jicho la mtu zenyewe na kumfuata hata akikimbia majini. Yako ina vituo 9 tu vya fokasi na kile cha katikati ndicho cha kutegemewa.

Upande wa hasara, sensa na skrini zinafanya kazi muda wote kwa hivo betri inaliwa. Nikon D3500 ambayo ni DSLR ya bei ya chini imepimwa picha 1,550 kwa chaji moja, Sony a6000 ambayo ni mirolesi imepimwa karibu 360. Zote mbili kwa matumizi ya kawaida zinaweza kuvuka hapo, lakini mtu anayeshinda mchangani kutwa nzima bila stima anaielewa hiyo tofauti upesi. Akienda mirolesi anunue betri tatu, si moja.

Hiyo habari ya kufa sasa. Ni kweli DSLR mpya za mwisho za Canon na Nikon zilitoka 2020 na nguvu zao zote sai ziko kwa mirolesi, anayezishikilia bado ni Pentax. Hilo halimaanishi kamera yako imekoma kupiga picha, na kuna upande wake mzuri ambao wenzako hawakuambii: mdomo wa EF (pale lenzi inapofungwa) ambao kamera yako inatumia uko tangu 1987, kwa hivo lenzi zake zimejaa mitumbani na bei zinashuka kwa sababu watu wanauza wahamie mirolesi. Kununua kamera ni kama kuoa, unachukua na ukoo mzima, na ukoo wako wewe ni mkubwa na wa bei nafuu.

Kwa hivo pesa ya kwanza isiende kwa boksi (mwili wa kamera), iende kwa lenzi. Tafuta Canon 50mm f/1.8 STM (mm zikizidi lenzi inavuta karibu zaidi, na hiyo f ni tundu la mwangaza, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Kwa kamera yako itakaa kama 80mm, yaani itamleta mtu karibu na kulainisha nyuma yake vizuri, ule ukuta wa Fort Jesus wenye rangi ya matumbawe ukiwa nyuma ya familia hautagombana na nyuso. Kwa makundi ya watu wengi bakia na 18-55 yako. Ongeza flashi moja ya nje ya kujaza kivuli usoni mchana. Kwa hivo viwili picha zako zitabadilika kuliko ukibadilisha mwili wa kamera na kubaki na lenzi ya aina ileile.

Wakati wa kuhama utaujua wewe mwenyewe: wateja wakianza kutaka video. Hapo ndio 1300D inasumbua, kwenye video fokasi yake inatafutatafuta na inachelewa. Ikifika huko angalia Canon R50 ama R10, na usiuze lenzi zako, kuna adapta ya Canon wenyewe ya kutoka EF kwenda RF (mdomo wa mirolesi zao) na lenzi zako zitafanya kazi na otofokasi yake kamili, wakati mwengine hata vizuri zaidi kuliko zilikotoka. Ila kuwa makini na jambo moja, mirolesi nyingi ukitoa lenzi sensa iko wazi kabisa mbele yako, hakuna kioo cha kuikinga. Pale Pirates kwenye upepo wa kusi usibadilishe lenzi ukiwa umesimama mchangani. Ingia kwa gari ama kibandani, zima kamera, mdomo uangalie chini, badilisha haraka.

Mimi ni mpiga picha mwanamke, kazi yangu kubwa ni harusi, hasa usiku wa kupamba ambao ni wa wanawake peke yao. Ukumbi una taa za rangi, bibi harusi hataki flashi imchome macho kila saa, na picha zangu zinatoka na chengachenga. Natumia Canon yenye sensa ndogo na lenzi ya 18-55. Naambiwa ninunue fuli fremu. Itanisaidia kweli? – Dada wa Majengo

Dada, swali lako ndilo limenifurahisha kuliko yote kwa sababu hiyo kazi yako ni ngumu kweli na watu wanaidharau. Kupamba ni giza, ni dhahabu inayomemeta, ni hina mkononi na asmini kichwani, na vyote vinataka vionekane.

Itasaidia, lakini hebu tupige hesabu kwanza. Fuli fremu ni sensa ya milimita 36 kwa 24. Sensa ya kamera yako, inayoitwa APS-C, kwa Canon ni kama 22.3 kwa 14.9, kwa Nikon na Sony ni kama 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha, fuli fremu ina eneo kubwa mara mbili na nusu hivi, kwa hivo inakusanya mwangaza mara mbili na nusu zaidi ukiweka mipangilio ileile. Ni faida, tena ya kuonekana.

Sasa tazama lenzi yako. Ile 18-55 ukiivuta mpaka 55 tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara kumi ya huo. Mara kumi, dada! Kama ulikuwa unapiga kwa ISO (kipimo cha sensa kuhisi mwangaza) 12800 na chenga zimejaa, kwa spidi ileile ya shata unashuka mpaka kama ISO 1250 ama 1600, na kwa kamera hiyohiyo uliyonayo chenga nyingi zitapotea. Lenzi ya namna hiyo ni pesa kidogo sana ukilinganisha na mwili wa fuli fremu. Kwa hivo mimi ningefuata mpango huu: lenzi kwanza, piga nayo msimu mmoja wa harusi, halafu pesa za harusi ndio zinunue fuli fremu, na hiyo lenzi ya 50 utahamia nayo kwa sababu si ya sensa ndogo peke yake, inafunika fuli fremu pia. Ile 18-55 haifuniki.

Kuna kitu kimoja cha kuzoea. Kwa f/1.8 ukiwa karibu, jicho moja la bibi harusi linakuwa kali na la pili linaanza kulegea. Kwa sura ya mtu mmoja aliyekuangalia moja kwa moja ni sawa na inapendeza. Akiwa amekaa kitini na mama zake wawili kila upande, funga tundu mpaka f/4 na upige flashi ukiielekeza kwa dari, sio usoni. Dari ikiwa nyeupe mwangaza unarudi laini na hakuna anayekunja uso. Shida ni zile kumbi zilizofunikwa vitambaa juu, kama kitambaa ni cha rangi basi na uso wa bibi harusi utachukua rangi hiyo, hapo achana na dari, tafuta ukuta mweupe ama usiwashe kabisa.

Taa za rangi ni balaa lengine. Zile za zambarau na buluu zinajaza rangi moja mpaka sura ya mtu inakuwa bapa, hakuna mashavu wala pua. Piga faili ya RAW (picha ghafi), sio JPEG, ili nyumbani upate pa kurekebisha, halafu mwombe mwenye taa adabu na mapema kwamba wakati bibi harusi anaingia na wakati wa kutuzwa aache taa nyeupe mbili tatu zikimwelekea. Wengi wanakubali ukiomba kabla sherehe haijaanza.

Kuhusu kupiga kimya, najua wauzaji wanaisifia sana kwenye mirolesi kwamba haitoi sauti. Ni kweli, ila kwa ukumbi wa taa za LED usiiamini mpaka uijaribu. Shata ya elektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari, na taa nyingi zinapepesa bila jicho kuona. Stima yetu ni ya hazi 50, taa zinapepesa mara 100 kila sekunde, matokeo yake picha inatoka na mistari ya giza na mwangaza kama pazia. Rudi kwa shata ya kawaida na uweke spidi 1/100, ama 1/50 kama watu wametulia. Taa za jukwaani zinazofifishwa kwa kompyuta zinapepesa kwa mwendo wake zenyewe, kwa hivo piga za majaribio kabla wageni hawajaingia.

Ukifika siku ya kununua fuli fremu, uliza kadi ngapi zinaingia. Hili nalisema kwa mkazo. Harusi hairudiwi. Kamera ya kadi mbili inaandika kila picha mara mbili, moja ikifa ya pili iko. Sony a7 III, Nikon Z6 II na Canon R6 zina nafasi mbili. Canon RP na R8 zina moja tu japo ni fuli fremu, na Nikon Z6 ile ya kwanza pia ni moja. Kwa wewe ambaye wenzako wamekuamini upige wakiwa vichwa wazi ndani ya ukumbi uliofungwa, na hizo kadi mbili zote ziwe mikononi mwako mpaka kazi imekabidhiwa, usimwachie fundi wala mwenye studio.

Nina watoto watatu, nataka kamera ya kuwapiga picha nyumbani na tukienda baharini. Simu haitoshi? – Mama wa Kisauni

Mama, kwa nyumbani simu nzuri inatosha, usiingie gharama. Zile kamera ndogo za mfukoni za bei ya chini sensa yake haiizidi ya simu kwa maana, na simu ina kompyuta ndani inayounganisha picha kadhaa kwa mara moja kurekebisha giza na mwangaza, kamera ndogo za zamani hazina hiyo. Kamera ya mfukoni inayoizidi simu waziwazi ni ile yenye sensa ya inchi moja, kama familia ya Sony RX100, na bei yake itakushtua.

Baharini ndiko simu inashindwa. Kwa huko kuna aina iliyojengwa kuingia majini, Olympus TG-6 na ndugu yake OM System TG-7 zinashuka mita 15 bila kifuko chochote, lenzi haichomozi nje kwa hivo mchanga hauna pa kuingilia, na kamera za GoPro zinaingia mita 10. Watoto wanaweza kushika wenyewe. Mkitoka baharini ioshe kwa maji baridi ya bomba, itumbukize kwenye ndoo dakika kadhaa ukiwa umefunga vifuniko vyote, maana chumvi ikikauka kwenye mipira ndio maji yanaanza kupenya safari inayofuata. Mfuko wa plastiki wa kuning'iniza simu shingoni usiuamini na simu unayoipenda.

Nimestaafu, napenda ndege na meli. Asubuhi nakaa Mama Ngina naangalia meli zikiingia Kilindini, na mara kwa mara naenda Mida kuwatazama ndege. Nataka kitu kinachovuta mbali sana lakini mgongo wangu hautaki mizigo. – Mzee wa Kizingo

Shikamoo mzee wangu. Aina unayoitafuta inaitwa briji. Kwa umbo ni kama DSLR, ina pa kushika vizuri na kitundu cha kuchungulia, lakini lenzi haitoki, imefungwa pale maisha na inavuta kutoka upana wa chumba mpaka mbali ajabu. Nikon P900 iliyotoka 2015 inavuta kutoka 24 mpaka sawa na 2000mm, ndugu yake P1000 ya 2018 inafika 3000. Kutafuta uwezo huo kwa DSLR ungehitaji kijana wa kukubebea.

Inawezekanaje? Kwa sababu sensa ni ndogo sana, karibu milimita 6 kwa 4 na nusu, lenzi nayo inakuwa ndogo. Malipo yake ni kwamba inataka jua. Kwenye mwisho wa zumu P900 tundu lake ni f/6.5, kwa hivo alfajiri kabla jua halijapanda ndege atatoka na chenga. Kama unapenda sana ule mwangaza wa asubuhi mapema na uko tayari kukubali zumu fupi, ziko briji za sensa ya inchi moja, Sony RX10 IV inaishia 600mm na f/4, Panasonic FZ1000 inaishia 400mm na f/4. Picha zake ni safi zaidi waziwazi. Kwa meli hapo Mama Ngina 400 inakutosha na kubaki, zinapita karibu mno. Kwa ndege wa Mida 600 ni afadhali, na nenda maji yakiwa yanajaa, yale yanawasukuma ndege waje upande wako badala ya wewe kuwafuata topeni. Wageni kutoka Ulaya na Asia wako kuanzia kama Septemba mpaka Aprili.

Jambo moja la kujua kabla hujailaumu kamera: ukipiga mbali juu ya maji mchana wa jua kali picha inatetemeka na kulegea hata kamera iwe ya bei gani. Hewa yenyewe imepata joto na inacheza. Hakuna lenzi inayolitibu hilo, mpaka asubuhi.

Megapikseli ngapi ndio nzuri? – Msomaji, Changamwe

Nitajibu kwa mkato. Kusafisha picha ya A4 yenye ubora wa kuchapisha unahitaji kama megapikseli 9 tu (kila moja ni vitone milioni), na A3 kama 17 na nusu. Kamera karibu zote za lenzi kutoka zinazouzwa sai zina 18 kwenda juu. Kamera ya kwanza ya dijitali aliyoitengeneza Steven Sasson kule Kodak mwaka 1975 ilikuwa na 0.01 na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, kwa hivo sote tumeshapita hapo zamani. Kama picha zako zinaharibika ukimtumia mteja, mara nyingi shida ni WhatsApp inazibana, zitume kama dokumenti. Zile kamera za sensa kubwa kupita fuli fremu, Fujifilm GFX na Hasselblad, ni za watu wa matangazo na mabango, zipite tu.

Nimeangalia ndani ya lenzi yangu nimeona utando mweupe kama nyuzi za buibui. Nimeifuta nje haitoki. – Mpenzi wa picha, Tudor

Pole sana. Hiyo ni kuvu, na hapa kwetu inaua lenzi nyingi kuliko kuanguka. Haiko nje ndio maana haifutiki. Inaota ndani ya vioo panapokuwa na unyevu, giza na hewa iliyotulia, na mahali pazuri kabisa kwa hayo matatu ni ule mkoba wa kamera uliofungwa zipu ukawekwa kabatini masika yote. Kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, kwa hivo ikiwahiwa fundi anafungua na kusafisha inaisha, ikicheleweshwa alama inabaki hata baada ya kusafishwa. Peleka sasa hivi.

Lenzi zilizobaki zitoe mkobani. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka ndani silika jeli nyingi, sio kale kapakiti kamoja kalikotoka na viatu, na kipimo kidogo cha unyevu. Shika asilimia 40 mpaka 50. Silika zile zinazobadilika rangi zikishalewa maji unazikausha kwa ovena moto mdogo zinarudi kazini. Na zitumie lenzi zako, zitoke nje zipigwe na mwangaza, lenzi inayofanya kazi kila wiki haioti kuvu haraka.

Na ukitoka chumba cha AC ama gari lililopozwa kwenda nje kwenye joto letu, kamera inatoka jasho mpaka ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujafungua mlango, iache nusu saa ipate joto la nje ikiwa imefungwa, ndio uitoe. Wapiga picha wa hotelini Nyali na Shanzu wanalijua hili vizuri. Usitoe lenzi kuifuta ndani ikiwa bado ina ukungu, unakaribisha unyevu zaidi.

Nilinunua Nikon D3400 ya mtumba, baadaye nikapata lenzi ya Nikon AF 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa. Inaingia vizuri, inapiga, lakini haifokasi yenyewe kabisa. Muuzaji hashiki simu. Nimetapeliwa? – Mwanafunzi, Mikindani

Mwanangu, lenzi ni nzima. Lakini muuzaji kama aliiona kamera yako alipaswa kukwambia.

Lenzi zile za D hazina mota ndani. Fokasi yake inazungushwa na bisibisi ndogo inayochomoza kwenye mdomo wa kamera, na Nikon za bei ya chini, zile zote za D3000 mpaka D3500 na za D5000 mpaka D5600, hazikuwekewa hiyo bisibisi. Angalia mdomo wa kamera yako kwa chini upande mmoja, hutaiona. Kwa D7000 na wenzake iko. Wewe unataka lenzi zilizoandikwa AF-S ama AF-P, hizo zina mota yake yenyewe. Una njia mbili: uza hiyo utafute AF-S 50mm f/1.8G, ama AF-S 35mm f/1.8G ambayo kwa sensa yako ndogo ni ya kawaida zaidi kwa chumbani, ama ubaki nayo uzungushe pete kwa mkono. Ukizungusha kwa mkono kuna kitone cha kijani chini kushoto ndani ya kitundu, kikiwaka bila kupepesa fokasi imeshika. Kwa picha za vitu vilivyotulia ni raha na utajifunza mengi. Na usidhani ukihamia Nikon mirolesi itapona, adapta yao ya FTZ ya kufungia lenzi hizi nayo haina bisibisi, D haitafokasi huko pia.

Kwa kuwa wengi mnanunua mitumba, ntasema namna ya kukagua hapo hapo dukani kabla hujatuma M-Pesa. Chukua tochi ya simu, toa lenzi, fungua tundu lake lote, mulika upande mmoja uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno, nyuzi na madoa ya ukungu ni neno. Vile vituo vya shaba kwenye mdomo viwe vinang'aa, vikiwa na kijani hiyo kamera imekaa na chumvi. Weka f/16, piga ukuta mweupe ama mbingu, kuza picha, madoa meusi yasiyohama ukihamisha kamera ni uchafu wa sensa, unasafishika, ila punguziwa bei. Shata ina umri wake, DSLR za bei ya chini nyingi huhesabiwa kama pigo 100,000, kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya kila picha, piga moja uitumie simu yako uisome kwa programu ya bure. Bonyeza kila kitufe. Washa video dakika tano nzima uone kama inazima. Chomeka flashi juu ipige. Halafu uliza namba ya lenzi unayotarajia kununua baadaye, uitafute kama inaendana na mdomo huo huo na kama otofokasi itafanya kazi, na kama muuzaji anakuharakisha kabla hujamaliza hayo, mrudishie kamera yake uende duka la pili.